Mashini ya kukandia unga: usinunue wati, nunua kazi yako

Wewe mama wa nyumba, nyoosha mikono yako uiangalie. Mikono hiyo imekanda kilo ngapi za unga wa ngano mwaka huu? Mikate ya Noeli, mikate ya asubui mbele ya watoto kwenda masomo, gato la komunyo ya kwanza, gato la ndoa ya mutoto wa jirani.

Siku ya posho magaribi, nyumba imetulia, wewe unasimama mbele ya meza na beseni lako. Ndani muko kilo mbili za unga. Unasukuma, unakunja, unapiga, unasukuma tena. Dakika kumi, dakika kumi na tano. Mabega yanawaka moto. Kesho yake watoto wanamaliza mikate kwa dakika tano na kusema: “Mama, iko muzuri! Iko ingine?”

Basi siku moja baba anaingia na primu ndani ya mufuko. Anasema: “Mama watoto, umeteseka sana na ile unga. Twende tununue mashini.” Munafika ku magazini. Mashini inasimama juu ya meza, nyekundu, inangaa. Juu ya katoni mumeandikwa kwa herufi kubwa: 1500 W. Muuzishaji anasema: “Baba, hii iko nguvu kabisa! Wati elfu moja na mia tano!” Baba anatingisha kichwa, feza inatoka, munarudi nyumbani na furaha.

Nyuma ya miezi sita, mashini iko juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa. Ilianza kunuka moshi siku ya pili ya kukanda mikate. Ao ni ndogo sana kwa familia. Ao hakuna fundi aliye na kipande chake. Na feza ile ilikuwa inaweza kulipa masomo ya mutoto mumoja. Wewe mwenyewe unajua nyumba ya namna hiyo. Pengine ni yako.

Makala hii haitakupa jina la mashini ya kununua. Itakupa maulizo ine ya kujiuliza mbele feza haijatoka mufukoni.

MASHINI HII INAFANYA NINI?

Ndani ya unga wa ngano muko proteini. Maji yakiingia, proteini hizo zinashikana na kufanya kitu chenye kuvutika kama mupira. Kinaitwa gluteni. Kukanda ni kuvuta na kupanga ule mupira mpaka unakuwa laini na wenye nguvu. Levire nayo inakula sukari ya unga na kutoa gazi. Mupira unaifunga gazi ile ndani, na mukate unavimba. Ndiyo sababu unga wa mahindi ao wa muhogo, hata ukiukanda siku nzima, hauvimbe vile: hauna gluteni.

Kazi hii ilichosha watu wa inchi nyingi. Katika Marekani, ndani ya muji wa Troy, jimbo la Ohio, injenieri Herbert Johnston wa kampuni Hobart alitengeneza mashini kubwa ya kuchanganya unga kwa watu wa mikate. Bakuli lake lilikuwa la litre karibu 76, na serikali ikaiweka katika mashua za vita ili kupikia askari. Mwaka 1919 kampuni ileile ikatoa ya nyumbani, jina KitchenAid. Ya nyumbani, ndiyo, lakini uzito wake ulikuwa karibu kilo 30! Katika Uswidi, Electrolux ilitoa yake mwaka 1940, na ndani ya hiyo bakuli lenyewe ndilo linazunguka. Katika Uingereza, Kenneth Wood alionyesha Kenwood Chef mwaka 1950.

Karibu mashini zote za leo zinafuata ufundi mumoja: bakuli linatulia, na chombo cha kukanda kinajizungusha chenyewe huku kinazunguka bakuli, kama vile dunia inavyojizungusha huku inazunguka jua. Hivyo hakuna pembe ya unga inayosahauliwa.

Mara nyingi utapata vyombo vitatu ndani ya katoni. Kulabu ni ya mikate na kila unga muzito. Kile cha bapa ni cha gato, cha kuchanganya majarini na sukari. Cha nyuzi za chuma, kama ufagio mudogo wa mviringo, ni cha kupiga mayai na krema. Usitie kamwe unga wa mukate na chombo cha nyuzi. Nyuzi zitapinda, na motere itaumia.

ULIZO LA KWANZA: UNAKANDA UNGA NGAPI?

Tafuta kaye ndogo. Kwa mwezi moja, kila mara unapokanda, andika mambo matatu: kilo za unga, ni mukate ao gato, na ni nani atakula. Usikisie. Pima. Mwisho wa mwezi kaye itakuambia kweli kuliko muuzishaji yeyote.

Tuseme umeandika kilo 2 za unga wa mukate kila posho, na gato mara moja kwa mwezi. Sasa angalia bakuli la mashini. Wengi wanafikiri bakuli la litre 5 linakanda litre 5. Hapana. Kwa bakuli la litre 4 na nusu mpaka 5, watengenezaji mara nyingi wanaandika kwamba mwisho ni karibu kilo 1 ya unga. Kilo 1 ya unga, gramu 600 za maji, levire, chumvi na mafuta kidogo: hapo una karibu kilo 1 na gramu 650 ya kinyunya. Ukikata vipande vya gramu 100, unapata mikate midogo 16.

Kwa hiyo kilo zako 2 ni mara mbili za mashini, na kati ya mara ya kwanza na ya pili unaipumzisha. Hilo si neno baya. Unga wa kwanza unavimba wakati wa pili unakandwa. Lakini ukipenda unga mugumu, wenye maji kidogo, punguza tena. Unga mugumu unachosha motere kuliko unga laini.

Na wewe unayewaza kuuzisha mikate kila siku, kilo 10 asubui, kilo 10 magaribi, sikia vizuri: mashini ya nyumbani si ya kazi hiyo. Itafanya mwezi, itafanya miezi miwili, halafu itakuacha na madeni. Tena garanti nyingi zinasema wazi kwamba zinalinda matumizi ya nyumbani tu. Kwa biashara kunatakiwa petreni ya watu wa mikate, hata ndogo, hata ya mukono wa pili iliyo nzima.

Tunasema hivi kwa sababu inchi yetu ya migodi imeona feza ya mara moja. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa kupenda, na kila mumoja akapokea feza yake ya mwisho. Feza ya namna hiyo inakuja siku moja, hairudi mwezi unaofuata. Anayeinunulia chombo bila kupima kazi yake, amenunua uzuri wa kuangalia.

ULIZO LA PILI: WATI AO NGUVU?

Hapa akina baba wengi wanadanganyika, hata wale wanaojua motere kazini. Wati zilizoandikwa juu ya katoni zinaonyesha umeme ambao mashini inaweza kula. Hazionyeshe nguvu inayofika ku kulabu. Kati ya motere na kulabu muko njia: pinyo, yaani magurudumu yenye meno, ao mukaba. Kama njia hiyo ni zaifu, nguvu inapotea njiani na kugeuka moto na makelele.

Mufano: KitchenAid Artisan, inayouzishwa Ulaya na bakuli la litre 4.8, imeandikwa wati 300 tu. Pasi yako ya umeme inaweza kula mara tatu ya hizo. Lakini motere yake inasukuma pinyo moja kwa moja, na mashini hiyo inakanda. Mashini ingine imeandikwa wati 1000 na kupita, lakini motere yake ni ndogo yenye kukimbia sana, na ndani muko pinyo za plastiki. Ukiitia unga wa gato, inaimba. Ukiitia unga wa mukate, inalia.

Basi usiulize tu: “Iko na wati ngapi?” Uliza hivi: “Pinyo zake ni za chuma? Kitabu chake kinakubali kilo ngapi za unga wa mukate? Inaweza kukanda dakika ngapi bila kupumzika?” Kama kitabu kinasema dakika 3 ao 4 tu, jua kwamba hiyo ni mashini ya gato. Mukate unaomba dakika 6 mpaka 10.

Uzito pia unasema kweli. Mashini nyepesi inatembea juu ya meza wakati wa kukanda, mpaka mama anaishika kwa mikono miwili. Sasa ni nani anayefanya kazi, mashini ao mama?

ULIZO LA TATU: ITAKUBALI UMEME WETU?

Geuza mashini, soma kibamba kilicho chini yake. Kijana, wewe unayejifunza elektrisite, hii ni kazi yako: somea wazazi.

Umeme wa Congo ni volti 220, herzi 50. Mashini zinazotoka Zambia na Afrika ya Kusini ni za volti 220 mpaka 240 na herzi 50. Hizo zinafaa. Za Dubai na za China zilizotengenezwa kwa ajili ya inchi zile ni hivyohivyo. Taabu yao ni fishi tu: ile ya Zambia na ya Dubai mara nyingi ina meno matatu ya bapa, ile ya Afrika ya Kusini meno matatu manene ya mviringo. Fundi anabadilisha fishi kwa feza kidogo. Umuombe asisahau waya wa udongo, kwa sababu mikono ya mukandaji ina maji kila wakati.

Lakini ndugu aliye Marekani akikutumia zawadi, angalia! Kule ni volti 120, herzi 60. Ukiichomeka moja kwa moja katika prizi yetu, itaungua kwa muda mufupi sana. Transfo inaweza kushusha volti, lakini haibadilishe herzi, na si kila motere inavumilia hilo. Kama hajaituma bado, umuambie kwa upole: “Ndugu yangu, asante sana. Lakini utume ya volti 220.”

Kuna tena delestaji, na ule umeme zaifu wa magaribi, wakati ampuli zinafifia kwa sababu kila nyumba inapika. Umeme zaifu ni adui wa motere. Motere inazunguka polepole, inajikaza, inapata moto. Ukiona hivyo, simamisha mashini, maliza kwa mikono. Stabilizatere inasaidia, lakini nguvu yake ipite wati za mashini, isiwe sawasawa nazo, kwa kuwa motere inavuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, fanya mambo mawili mara moja: rudisha kifungo ku 0, kisha ngoa fishi. Kwa nini? Umeme unaweza kurudi kwa kishindo, na mashini ingine inaanza yenyewe, pengine mukono wa mutoto uko ndani ya bakuli.

ULIZO LA INE: NANI ATAITENGENEZA?

Kila motere inazeeka. Motere nyingi za jikoni zina makaa mawili madogo, yale mafundi wanaita sharbo. Yanaisha kama kalamu ya chaki inavyoisha. Kuyabadilisha si kazi kubwa, kama yanapatikana. Mashini zingine zina pinyo moja laini iliyowekwa kusudi ivunjike yenyewe, ili motere isiungue. Hilo ni jambo la akili, lakini ni lazima pinyo ingine ipatikane.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, pita kwanza kwa fundi. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hatukosi watu waliofungua motere maisha yao yote. Umuulize: “Baba, ile mashini unaijua? Vipande vyake viko hapa, ao mutu anavileta toka inje?” Mashini ya bei ndogo isiyo na kipande ni gali kuliko ya bei kubwa inayotengenezeka.

SIKU YA KUNUNUA

Nenda na kilo moja ya unga, levire na chupa ya maji. Usisikie haya. Omba wakandie mbele yako, kwa mwendo wa chini, dakika sita. Sikia mulio wake: ukiwa sawasawa, vizuri, ukipanda na kushuka kama mutu anayepanda mulima na muzigo, hapana. Weka mukono juu ya motere: joto kidogo ni kawaida, moto wa kuunguza hapana. Nusa. Shika kichwa cha mashini ukitingishe: kisichezecheze. Angalia chombo cha bapa: kikaribie chini ya bakuli bila kulikwangua.

Kama ni ya mukono wa pili, uliza ni kwa nini wanaiuzisha, na angalia kama mafuta meusi yanatoka chini ya kichwa. Mafuta yakianguka ndani ya unga, familia itayakula. Muuzishaji akikataa kabisa kuiwasha, rudi nyumbani na feza yako. Feza haiozi.

SIKU YA KUKANDA

Anza kila mara kwa mwendo wa chini, na kwa mukate usipite mwendo wa pili. Mwendo wa juu ni wa mayai. Mashini inapasha unga moto. Katika joto la mwezi wa kumi, tia maji ya baridi, kama sivyo levire itakimbia na mukate utakuwa na harufu ya pombe. Nyuma ya dakika 8, kata kipande kidogo, kivute polepole kwa vidole. Kikifanya kitambaa chembamba ambacho mwangaza unapita bila kupasuka, unga uko tayari. Kikipasuka, ongeza dakika mbili.

Funga kitambaa cha kichwa, kaza kikwembe, vua bangili. Usitie kijiko ao mukono ndani ya bakuli wakati kulabu inazunguka. Ngoa fishi mbele ya kukwangua. Mwili wa mashini unapanguswa na kitambaa chenye maji kidogo. Hautiwi kamwe ndani ya beseni.

NA WEWE USIYE NA FEZA YA MASHINI?

Usifunge ukurasa huu na huzuni. Kwanza, mashini haiivishe mukate. Kama huna tanuru muzuri, anza na tanuru. Ya pili, nunua mizani. Mashini inakuja nyuma, ni ya tatu.

Na kuna siri ambayo watu wa mikate wanaijua sana: wakati unakanda mahali pa mikono. Changanya unga na maji tu, funika, uache dakika 30. Gluteni inajifunga yenyewe. Kisha tia levire na chumvi, kanda dakika tano. Nyuma yake, kila nusu saa, vuta pembe za unga na kuzikunja katikati, mara tatu ao ine. Mabega hayataumia, na mukate utavimba. Mama aliyekaa mbele ya mbabula yake anaweza kufanya hivyo huku anachunga sombe.

Tena mashini moja inaweza kutumikia nyumba tatu. Muna likelemba ya feza. Kwa nini hakuna likelemba ya mashini? Posho hii iko kwako, posho ingine iko kwa jirani. Lakini muandike mapatano mbele: inalala wapi, nani analipa fundi ikiharibika, na kilo ngapi ni mwisho. Urafiki unaharibika juu ya maneno yasiyosemwa kuliko juu ya pinyo iliyovunjika.

Na ninyi akina baba na vijana wanaume: mashini ya kwanza ya kumupunguzia mama muzigo ni mikono yenu. Haiombe umeme, haiombe garanti.

MUONGEE PAMOJA NYUMBANI

1. Kwa mwezi moja tumekanda kilo ngapi, na ni nani alikanda?
2. Kama feza ya mashini ikitoka leo, ni kitu gani kitakosa feza kesho?
3. Tunataka mashini kwa kazi yetu, ao kwa macho ya wageni?
4. Nani katika familia atasoma kibamba na kitabu mbele ya kulipa?

Mukijibu maulizo haya kwa kweli, pengine mutanunua mashini, na itawatumikia miaka mingi. Pengine mutanunua mizani tu, na mutarudi kukanda kwa zamu. Katika njia zote mbili, posho magaribi mama ataketi kidogo, na yenga asubui mukate utakuwa juu ya meza.